«HAKUNIULIZA» HAITAKUOKOA: Neno kwa wenye nyumba, madalali na wauza viwanja



Himdi zote anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, leo sizungumzii swaumu wala hija. Nazungumzia kiwanja, nyumba na chumba cha kupanga hapa Dar es Salaam. Najua wapo watakaosema, "Sheikh, hayo ni mambo ya dunia, tuachie wenyewe." Nawajibu mapema: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haikushuka kuhusu swala. Imeshuka kuhusu deni, kuandikiana na kuweka mashahidi. Mola aliyekufundisha kutawadha ndiye huyo huyo aliyekufundisha kuuza. Huwezi kumchukua msikitini ukamwacha sokoni.

Kuna neno moja nalisikia karibu kila ugomvi wa nyumba unapoletwa msikitini. Mnunuzi analia, muuzaji ametulia, anafuta miwani yake, kisha anasema: "Sheikh, hakuniuliza."

Hakuniuliza kama maji yanapita pale. Hakuniuliza kama kuna kesi. Hakuniuliza kama choo kinajaa. Hakuniuliza kama mke wangu ameridhia. Hakuniuliza.

Leo nataka tulivunje neno hili, kwa sababu limeshakuwa kama aya kwenye midomo ya watu. Na wengi wanaolisema wanaswali safu ya mbele.

ALIYEFICHA NI NANI?

Mnaijua hadithi ya yule muuza chakula, imo katika Sahihi Muslim, imepokelewa na Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono wake ndani ya lundo la chakula, vidole vikakutana na unyevu. Juu pakavu, chini pamelowa. Akamuuliza mwenye mali, ni nini hiki? Akajibu kwamba ni mvua imekipata. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake.

Sasa tulia hapo. Yule bwana hakusema uongo. Hakuna mteja aliyemuuliza akamdanganya. Mvua ilikuwa kweli, na si yeye aliyeileta. Kosa lake lilikuwa moja tu: alijua palipolowa, akapaweka chini. Kama "hakuniuliza" ingekuwa udhuru, huyu ndiye angekuwa wa kwanza kuokoka nayo. Hakuokoka.

Na wewe muuza kiwanja cha bondeni unayeleta wateja mwezi wa Agosti, vumbi linatimka, unawaonyesha minazi na upepo mwanana, umefanya nini zaidi ya kuweka pakavu juu na palipolowa chini? Unajua masika ya Machi hadi Mei yanafanya nini pale. Majirani wanajua. Alama ya maji ipo ukutani, umeipaka chokaa. Chokaa ile ndiyo ushahidi wako mbele ya Allah.

MAJI HAYASAHAU NJIA YAKE

Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu mji wetu umeshalipa gharama yake. Desemba 2011 mvua zilinyesha, watu zaidi ya arobaini wakafariki, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zikawekewa alama nyekundu ya X na kubomolewa. Mwaka 2017 zikabomolewa nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara.

Nauliza: nyumba zile zote zilijengwa na waliopewa ardhi bure? Hapana. Wengi walinunua. Kuna mtu alipokea fedha, akahesabu, akatia mfukoni. Kuna dalali alipokea chake. Kuna aliyegonga mhuri. Siku tingatinga lilipokuja, waliobaki uani na magodoro na watoto walikuwa wanunuzi peke yao.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto na ufukwe wa bahari. Muuzaji anayekata kiwanja kwenye kingo za mto anajua kwamba anauza bomoabomoa ya kesho. Hajasema uongo, ndiyo. Amenyamaza tu. Lakini kuna kunyamaza ambako ni mauzo.

Mama mmoja katika jamaa zetu, muuza vitumbua, alijichanga kwa miaka mingi akanunua kiwanja kidogo wakati wa kiangazi. Akajenga vyumba viwili. Masika ya kwanza tu, maji yakaingia mpaka kwenye kitanda. Alipomfuata muuzaji aliambiwa, "Mama, si ulikuja mwenyewe ukaona kwa macho yako?" Niambieni, mama anayeuza vitumbua atajuaje njia ya maji iliyokauka? Mtu huuliza anachokijua kwamba kipo. Asichokijua atakiuliza vipi? Ndiyo maana dini imemtwika mwenye kujua kazi ya kusema. Asiyejua haikumtwika kazi ya kukisia.

"NIMEMUUZIA KAMA ILIVYO"

Wajanja wakibanwa hapo huhamia hoja ya pili. "Sheikh, tuliandikiana kwamba nimemuuzia kama ilivyo, sidaiwi kasoro yoyote." Wanadhani karatasi imewatakasa.

Sikilizeni kisa kilichomo katika Muwatta ya Imam Malik. Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Baadaye mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa alikuwa na maradhi. Wakapelekana kwa Uthman bin Affan (r.a.). Ibn Umar akaeleza kwamba aliuza kwa sharti lile. Uthman hakuishia kwenye sharti. Alimtaka aape kwamba alipouza hakuwa akijua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akarudishiwa mtumwa wake.

Huyo ni Ibn Umar, sahaba, mcha Mungu, si dalali wa kijiweni. Hata yeye sharti halikutosha peke yake. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, sharti la kujivua halimwokoi muuzaji na kasoro aliyoijua akaificha. Andika kurasa kumi, leta mawakili watatu, gonga mihuri. Ulilolijua ukalificha litabaki shingoni.

KASORO SI MAJI PEKE YAKE

Watu wakisikia kasoro wanafikiria ufa wa ukuta. Wallahi ufa wa ukuta ni mdogo. Kasoro kubwa ni ile isiyoonekana kwa macho: ya haki.

Unauza nyumba ya mirathi ukiwa mrithi mmoja kati ya saba. Dada zako wako Tanga na Lindi, hawana habari. Unasema, "Ni nyumba ya marehemu baba, mimi ndiye mkubwa." Ukubwa wako haukufanyi msimamizi wa mirathi. Msimamizi huteuliwa na mahakama, na hata yeye si mmiliki wa fungu la wengine. Umeuza haki ya dada yako, na mnunuzi umemuuzia kesi.

Unauza nyumba ya ndoa kwa siri, mkeo anasikia kwa majirani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi hajui. Kesho mke anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba, na mnunuzi anaanza safari ya miaka mahakamani.

Unauza kiwanja kimoja kwa watu wawili, wa kwanza amesafiri, wa pili ana haraka. Hapo hata sitaki kubishana nawe. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi kiasi cha shubiri atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Kiwanja chako ni shubiri ngapi? Hesabu mwenyewe.

NA NYINYI WENYE VYUMBA VYA KUPANGISHA

Msidhani mmepona. Kupangisha ni kuuza manufaa, na kasoro ya manufaa ina hukumu yake. Mpangaji anayekuta kasoro inayoharibu makazi, naye hakuambiwa, ana haki ya kuvunja mkataba.

Tunajua desturi ya mji huu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka. Kijana ameanza kazi juzi, anakopa kwa jamaa, anakopa kazini, analipa. Wiki ya pili anagundua maji ya bomba yanatoka siku moja kwa wiki. Mita ya LUKU ni moja kwa wapangaji wanane na kila jioni ni ugomvi. Shimo la choo limejaa tangu Ramadhani. Na nyumba yenyewe iko sokoni, anayekuja kuinunua anataka kuibomoa. Anarudi kwa mwenye nyumba, anaambiwa, "Kodi hairudi."

Ukichukua miezi sita mbele, basi sema ya miezi sita mbele. Huwezi kuchukua fedha za kesho ukaficha habari za kesho.

Na wewe mpangaji unayesoma hapa unatikisa kichwa na kusema "kweli kabisa sheikh", ngoja kwanza. Wewe unayehama kabla kodi haijaisha, unatafuta mtu wa kuziba nafasi yako ili urudishiwe miezi iliyobaki, unamwambia nini? Unamwambia mtaa una kelele za baa mpaka alfajiri? Unamwambia paa linavuja juu ya kitanda? Au unasema, "Nyumba nzuri, ila nimehamishwa kikazi"? Kama ni hivyo, wewe na mwenye nyumba mna tofauti ya funguo tu.

DALALI, KAZI YAKO NI HALALI, USIIHARAMISHE

Sisemi udalali ni haramu. Imam Bukhari ameweka mlango katika Sahihi yake kuhusu ujira wa dalali, akataja wanazuoni wa mwanzo kama Ibn Sirin, Ataa na Hasan kwamba hawakuona ubaya. Kumtembeza mtu juani kutwa nzima kutafuta chumba ni kazi, na kazi ina ujira. Ile kodi ya mwezi mmoja mnayolipwa, mkikubaliana waziwazi, kuleni.

Lakini kuna cha juu. Mwenye nyumba amesema laki mbili, wewe unamwambia mteja laki mbili na nusu na kwamba ndiyo bei ya mwenyewe. Ibn Abbas (r.a.) amepokewa akiruhusu mtu kumwambia mwenzake: uza nguo hii, kitakachozidi kiasi fulani ni chako. Tazama vizuri: mwenye mali ndiye aliyeridhia! Ukichukua cha juu bila mwenye mali kujua, tena kwa kumsingizia bei ambayo hakuitaja, hiyo si ruhusa ya Ibn Abbas. Hayo ni yako peke yako.

Na dalali anayejua kasoro, asijifiche nyuma ya mwenye nyumba. Imam Nawawi ametaja kwamba hata asiyekuwa muuzaji, akiijua kasoro, ni wajibu wake kumfahamisha mnunuzi. Hapo wameingia dalali, jirani, mjumbe, na mwenyekiti wa mtaa anayeshuhudia mauziano. Wote mnaokaa barazani mkimwangalia mgeni anazungushwa kwenye kiwanja chenye kesi, mkanong'onezana "huyu naye ameingia", mmeshiriki.

"NIKISEMA UKWELI NITAKOSA MTEJA"

Hii ndiyo hoja ya mwisho, na ndiyo ya kweli kuliko zote, kwa sababu inatoka tumboni. "Sheikh, nina watoto. Nikisema chumba kinavuja, nani atapanga?"

Nakujibu kwa upole. Tengeneza paa. Huna fedha? Sema ukweli na upunguze bei. Wapo watu watakaokichukua chumba kinachovuja kwa bei ya chumba kinachovuja, wataweka ndoo na kukuombea dua. Anayekulaani ni yule aliyelipa bei ya chumba kikavu. Na kiwanja cha njia ya maji kinaweza kumfaa mtu wa bustani ya mchicha. Kuna mteja wa kila kitu, ila kila kitu kwa jina lake.

Tena Mtume (s.a.w.) ametueleza, katika hadithi ya Hakim bin Hizam iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya baraka hufutwa. Hakusema fedha itafutwa. Fedha utaipata, utaihesabu. Kinachoondoka ni baraka. Ndiyo maana unamwona mtu ameuza viwanja kumi, na bado anakopa nauli.

Na wengine, Allah atuongoze, wakishauza cha kuficha huja na bahasha: "Sheikh, hii ya ujenzi wa msikiti." Allah ni mwema, hapokei ila kilicho chema. Mrudishie mama wa vitumbua haki yake kwanza. Msikiti utajengwa na wengine.

NA WEWE MNUNUZI, FUNGA NGAMIA WAKO

Dhambi ya mfichaji haikuondolei wajibu wa kujihadhari. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza yule bedui afunge ngamia wake kisha amtegemee Allah. Basi shika haya:

1. Kiwanja kione kiangazi, ukione tena mvua ikinyesha. Huwezi kusubiri? Nenda kwa majirani watatu tofauti, bila dalali. Waulize maji ya masika yanafika wapi. Angalia kuta zao chini, maji huacha mstari.

2. Kama kuna hati miliki, usiridhike na kivuli chake kwenye simu. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililosajiliwa na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Jina likitofautiana na la muuzaji, simama hapo hapo.

3. Kama hakuna hati, jua unachonunua. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi, si sawa na hati. Na mhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia kwamba mmeuziana. Hauthibitishi kwamba kiwanja ni cha muuzaji.

4. Nenda kwa ofisa ardhi wa halmashauri uulize eneo limepangiwa nini: makazi, barabara, shule, au eneo la wazi. Nenda na mpima ardhi akuonyeshe mipaka.

5. Uliza, tena mbele ya mashahidi: je, ni ya mirathi? Msimamizi ni nani, barua yake ya mahakama iko wapi, warithi wengine wako wapi? Ni nyumba ya ndoa? Mke au mume aje asaini mwenyewe.

6. Lipa kupitia benki, andikeni mkataba mbele ya wakili, wekeni mashahidi wenu wawili wasiokula cha dalali.

7. Mpangaji, nenda usiku usikie mtaa. Fungua bomba. Uliza mita ya LUKU mnachangia wangapi na kama ina deni. Mwombe mpangaji anayetoka, au wa chumba cha pili, akuambie ukweli. Orodhesheni kasoro zilizopo na msaini wote kabla ya kukabidhiana fedha.

8. Ukigundua kasoro iliyofichwa, usikae nayo miezi. Katika madhehebu yetu, haki ya kurudisha inataka haraka, ukichelewa bila udhuru umeipoteza. Mwambie muuzaji mara moja, kwa maandishi, na uache kuitumia kama uliyeridhika. Akikataa, yapo Mabaraza ya Ardhi. Kudai haki yako si kukosa subira.

Na kuanzia leo, muuzaji akikwambia "kwani una wasiwasi na mimi, si Waislamu wote?", mjibu: "Kwa sababu sisi ni Waislamu, ndiyo maana nakuuliza. Na kwa sababu wewe ni Mwislamu, ulipaswa kuniambia kabla sijauliza."

Ndugu zangu wenye nyumba na wauza viwanja, mlango wa toba uko wazi, lakini toba ya haki za watu haikamiliki kwa istighfari peke yake. Kuna mtu leo analala juu ya kasoro uliyoinyamazia. Namba yake ya simu unayo. Mpigie. Mwambie ulichokijua. Mrudishie fedha, au mpunguzie, au muombe akuridhie akiwa anajua. Fanya hivyo kabla haijafika siku ambayo hakuna atakayesema "hakuniuliza", kwa sababu siku hiyo wewe ndiye utakayeulizwa.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, utuepushe na haramu yako. Wape makazi mema wasio na makazi, warudishie haki zao waliodhulumiwa, na uwape wauzaji wetu ujasiri wa kusema kweli. Amin.

Mfikishie ujumbe huu anayetafuta nyumba. Na usimsahau anayeuza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.